Harufu ya kimea Andechs

Niliisikia harufu ya kimea kabla sijauona mnara. Tulikuwa ndani ya msitu wa Kiental, kwenye njia inayopanda kutoka Herrsching, kijito kikinong'ona pembeni, na mahujaji waliotutangulia walikuwa wamefika tendo la tatu la rozari. Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya nafaka iliyochemka, tamu, yenye uchachu kwa mbali. Nikasimama katikati ya Salamu Maria. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye miaka sabini ameshaipita, akanishika mkono akidhani nimeishiwa pumzi. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi Songea, jikoni kwa bibi, nina miaka tisa.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Munich mwaka wa tatu sasa. Mama mwenye nyumba alizaliwa kijijini, na kijiji chao hufanya hija ya Andechs, monasteri iliyo juu ya kilima huku Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kila mwaka katika wiki ya Kupaa kwa Bwana. Wenzake hutembea kutoka nyumbani kwao tangu alfajiri. Yeye magoti hayamruhusu tena, kwa hiyo hupanda treni ya S8 mpaka kituo cha mwisho, Herrsching, anawasubiri pale, kisha anapanda nao kipande kilichobaki, mwendo wa saa moja na kidogo. Mwaka huo aliniambia, "Binti, wewe unasali peke yako chumbani. Twende ukasali na watu." Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikaenda.

Wajerumani wanauita Heiliger Berg, Mlima Mtakatifu. Mtu wa Songea akiambiwa huo ni mlima anaweza kuuliza wenyewe uko wapi, maana uko mita 711 tu juu ya usawa wa bahari, na sisi kwetu tunalala na kuamka juu ya mita 1,000. Lakini ukitoka msituni na kuinua macho, kanisa jeupe linakutazama kutoka juu, mnara wake una kichwa cha umbo la kitunguu, na chini upande wa magharibi Ziwa Ammersee limelala kama bati jipya. Siku hiyo anga lilikuwa safi, safu ya Alps ikaonekana kusini, bado ina theluji mwezi Mei. Mbele yetu kijana alibeba msalaba, nyuma yake bendera za parokia, nyuma ya bendera wazee, akina mama, watoto wawili waliobebwa mabegani. Kengele zikaanza kupigwa kutupokea. Padre akatoka na maji ya baraka. Nililia, na sioni haya kusema.

Kabla ya watawa, mahali hapa palikuwa ngome ya Makabaila wa Andechs, ukoo mkubwa uliokuwa na ardhi mpaka ng'ambo ya milima. Ngomeni mwao mlikuwa na masalia ya watakatifu yanayosemekana kuletwa kutoka Nchi Takatifu, pamoja na hostia tatu, mikate ya komunyo, zinazohusishwa na Papa Gregori Mkuu na Papa Leo wa 9. Ukoo ulikatika mwaka 1248, ngome ikabomolewa, na hazina ile ikafichwa hata waliobaki wasijue iko wapi. Mwaka 1388, kama wanavyosimulia wenyeji, padre akiwa anaadhimisha misa, panya alitokea na kipande cha ngozi iliyoandikwa, akakiacha karibu na altare. Watu wakachimba, wakaikuta hazina. Mama mwenye nyumba anaisimulia hadithi hiyo kana kwamba alikuwepo, na akifika kwenye panya anashusha sauti.

Mimi kilichonigusa zaidi ni mabinti wa ukoo ule. Mtakatifu Hedwig alizaliwa Andechs. Dada yake Gertrude aliolewa na mfalme wa Hungaria, akamzaa Elisabeti, ndiye Mtakatifu Elisabeti wa Hungaria ambaye sanamu yake iko ukutani katika wodi niliyoanzia kazi. Elisabeti alipofiwa na mume alijenga hospitali mjini Marburg, akawa anawaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, akafa mwaka 1231 akiwa na miaka 24. Nimefanya kazi chini ya sanamu ile miezi mingi bila kujua kwamba ukoo wa mama yake ulitoka kwenye kilima hiki.

Watawa walikuja mwaka 1455. Mtawala wa Bavaria, Albrecht wa Tatu, ndiye aliyefungua monasteri ya Wabenediktini na kuwaleta watawa kutoka Tegernsee, na hapo ndipo hesabu ya kupika bia Andechs inapoanza. Mahujaji walikuwa wengi, wametembea siku nzima, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Ukimpokea Kristo aliyetembea kilomita thelathini, utampa maji tu?

Kanisani macho hayajui yaanze wapi. Johann Baptist Zimmermann alilipamba upya kabla ya jubilei ya miaka 300 ya mwaka 1755, na tangu hapo ni dhahabu, waridi, malaika wanene na mawingu ya plasta kila upande. Altare kuu ina ghorofa mbili, na kila ghorofa ina sanamu ya Bikira Maria. Ile ya chini ndiyo ya zamani zaidi, na watu husogea karibu nayo bila kusema neno. Katika kikanisa cha pembeni amezikwa mtunzi wa muziki Carl Orff. Mama mwenye nyumba alinionyesha kwa kidole, akaendelea na sala zake.

Nilikodoa macho mbele ya mishumaa. Wana chumba chenye kuta nene kilichojaa mishumaa mikubwa ya nadhiri, mingine ina karne kadhaa. Haikuletwa na matajiri peke yao. Ililetwa na vijiji. Tauni ilipopita, vita ilipopita, mvua ya mawe ilipoharibu ngano, watu wa kijiji walichanga nta, wakatengeneza mshumaa mmoja mzito, wakaandika jina la kijiji na mwaka, wakaubeba mpaka juu. Nilisoma majina mpaka shingo ikauma. Nta imegeuka rangi ya asali iliyokaa, maua ya kuchora yamefifia, lakini majina bado yanasomeka. Huu ndio ushahidi wa watu ambao hawakuandika kitabu: sisi tulikuwepo, tuliogopa, tukaja hapa.

Baada ya misa kundi zima likateremka hatua chache mpaka ukumbi wa bia, Bräustüberl. Hakuna aliyesema "sasa tumemaliza mambo ya Mungu, twende kwenye starehe." Msalaba ulisimamishwa pembeni, bendera zikaegemezwa ukutani, watu wakapanga foleni. Kuna dirisha la bia, dirisha la mikate ya chumvi iliyosokotwa, dirisha la jibini, na dirisha la kitimoto, mguu mzima wa nguruwe wenye ngozi iliyokauka hadi inalia ukiigonga kwa kisu. Bia ya kawaida inauzwa kwa kikombe cha lita moja. Mtu anafika dirishani, ananyoosha kidole kimoja, anapewa lita yake. Vilevile kwetu: kilabuni mtu haagizi komoni, pombe yetu ya mahindi, kwa glasi, anasema "nipe lita."

Mama mwenye nyumba akanichagulia nusu lita ya Doppelbock, bia nyeusi yenye kilevi cha asilimia 7.1. Rangi yake ni ya mbao ya mninga iliyopakwa mafuta. Nikanywa kidogo. Mdomoni ikaja ladha ya mkate ulioungua pembeni, kisha utamu, kisha uchungu mdogo wa kufungia. Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa naijua ladha ile ya kuungua.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpika pombe. Alipika komoni. Mwanzo wa wiki aliulowanisha unga wa mahindi ukachacha, katikati ya wiki akaukaanga kwenye karai pana juu ya kuni mpaka ukawa rangi ya tofali, kisha akaupika, akaacha upoe, akatia kimea cha ulezi. Kimea alikiotesha mwenyewe kwenye gunia lililolowa nyuma ya mlango, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kufunua gunia asubuhi, kunyunyiza maji, na kumwambia mizizi imefika wapi. "Ukikiwahi hakina utamu," alikuwa akisema, "ukikichelewesha kimekuwa majani." Nilikuwa napima kwa ukucha wa kidole gumba. Jumamosi mchana hodi zinaanza.

Komoni ile ilimsomesha mama yangu na wajomba wawili. Baadaye ikaninunulia mimi sare, madaftari, na sehemu ya ada ya sekondari. Bibi hakuwa na shamba la kahawa wala ng'ombe. Alikuwa na mitungi mitatu, karai, na mikono.

Na Jumapili alikuwa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kanga zake, hata zikifuliwa mara mbili, zilibaki na moshi na kimea. Mwaka mmoja wakati wa Kwaresima, mzee mmoja wa kanisa alisimama mbele ya watu akasema wanawake wanaopika pombe wachague, mtungi au meza ya Bwana. Bibi hakujibu. Kuanzia siku hiyo akaacha kupokea komunyo, ila hakuacha kupika, kwa sababu ada haingoji. Kila Jumapili watu walipojipanga kwenda mbele, yeye alibaki amekaa, mikono juu ya mapaja, anatazama sakafu. Mimi nilikuwa nampita kwenda kupokea, nimevaa viatu vilivyonunuliwa na mtungi wake.

Haya ndiyo yaliyonijia pale Bräustüberl. Mezani kwetu wazee walikuwa wanaimba wimbo wa Bikira Maria, na povu la bia bado liko kwenye sharubu zao. Mama mwenye nyumba akaniuliza kulikoni. Nikamweleza yote, kwa Kijerumani changu cha wodini. Akanyamaza muda. Halafu akasema, "Bibi yako angekaa hapa, katikati yetu," akagonga benchi kwa kiganja.

Nimelelewa na Wabenediktini bila kujua maana yake. Vitabu vya sala nyumbani kwetu vilikuwa na majina ya Ndanda na Peramiho, abasia za kusini mwa Tanzania, kwenye jalada. Watawa waliojenga Ndanda na Peramiho walitumwa kutoka abasia ya St. Ottilien, na St. Ottilien iko jirani kabisa na hapa, ng'ambo ya Ammersee upande wa kaskazini-magharibi. Wa kwanza walifika Pugu mwaka 1888, misheni yao ikashambuliwa Januari 1889. Peramiho ilianza 1898, Ndanda 1906. Andechs na St. Ottilien ni mashirikisho mawili tofauti, hawa wa Bavaria na wale wamisionari, ila wote wanafuata Kanuni ileile ya Benedikto. Sala na kazi, tuliambiwa tangu utoto. Kanuni yenyewe sikuwahi kuisoma.

Nilirudi Munich nikaisoma kwa usiku tatu. Ni kijitabu kidogo kilichoandikwa karne ya 6, na sura nyingi zinahusu vitu vya nyumbani: nani anapika, nani anaosha, taa iwake mpaka lini. Sura ya 66 inataka monasteri iwe na maji, kinu, bustani na ufundi wa kila aina ndani ya ukuta wake. Sura ya 57 inawaambia watawa mafundi wauze kazi zao kwa bei ya chini kidogo kuliko watu wengine, ili Mungu atukuzwe katika yote. Sura ya 40 ni ya kinywaji. Benedikto anasema wamesoma kwamba divai haiwafai watawa kabisa, lakini kwa kuwa watawa wa siku hizo hawawezi kushawishika, basi angalau wakubaliane kunywa kwa kiasi, si mpaka kushiba.

Nilipofika sura ya 31 nilifunga kitabu nikaenda kusimama dirishani. Inamhusu mtawa mtunza ghala. Inasema avitazame vyombo vyote na mali yote ya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Vyote. Sufuria, jembe, pipa. Nikamwona bibi Ijumaa jioni, amepiga magoti uani, anasugua mtungi kwa majivu na maganda ya mahindi, anausuuza mara tatu, anaingiza kichwa ndani kunusa, anausuuza tena. Mtungi wenye harufu ya jana unaharibu pombe ya leo, ndivyo alivyokuwa akisema. Hakuna padre ninayemjua anayeosha kalisi kwa uangalifu kuliko ule.

Sisemi pombe haina madhara. Mimi ni muuguzi, nimegeuza kitandani wanaume wenye maini yaliyokufa, na mjomba wangu mmoja aliondoka kwa gongo akiwa hajafika miaka arobaini. Bibi mwenyewe aliogopa ulevi kuliko yule mzee wa kanisa. Jua likizama alifunika mitungi. Mwanamume aliyejulikana kwamba mtoto wake amerudishwa shule kwa kukosa ada hakuuziwa, hata akitoa noti mkononi. "Peleka kule," alimwambia, akaelekeza shule kwa kidevu. Hicho ndicho kiasi cha sura ya 40, na bibi hakukisoma popote.

Kuna jambo jingine nililolikuta kwa miguu yangu. Mwaka 1803 serikali ilifunga monasteri nyingi za Bavaria na kuchukua mali zao, Andechs nayo ikafungwa. Mwaka 1846 Mfalme Ludwig wa Kwanza aliinunua, na mwaka 1850 akaikabidhi kwa abasia mpya aliyoijenga Munich, St. Bonifaz. Nia yake ilikuwa abasia ya mjini iwe na mashamba na kiwanda cha kuilisha. Mpaka leo ni nyumba moja, watawa wa mjini na wa mlimani chini ya abate mmoja, na mapato ya bia ya Andechs yanasaidia kubeba kazi za abasia.

Kazi mojawapo niliiona nikitoka zamu ya usiku, nilipopita Karlstraße asubuhi. Kwenye abasia kuna jengo linaloitwa Haneberghaus, la watu wasio na makazi. Wanapewa chakula cha moto, wanaoga, wanabadilisha nguo, na kuna daktari. Mlangoni kulikuwa na foleni. Mzee mmoja amefunga mguu kwa kitambaa, kidonda cha siku nyingi, nikakijua kwa harufu kabla sijakiona. Mlango ukafunguliwa, akaitwa, akashikwa kiwiko, akaingizwa ndani. Nilisimama ng'ambo ya barabara na mfuko wangu wa mkate nikahesabu: lita ya bia imeuzwa mlimani, na huku mguu wa mtu unaoshwa. Lita ya komoni imeuzwa uani, na mtoto wa mtu anavaa viatu. Ni kazi moja.

Wiki hiyo nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, huko baridi imeisha?"

Nikamwambia habari za mlima, za mishumaa, za watawa wenye kiwanda chao cha bia. Akacheka kwa mshangao, kisha akakaa kimya hata nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Mtungi mmoja upo. Nimeweka mahindi ya mbegu." Nikamwomba asiutoe wala asiuuze. Akaniuliza unanihusu nini mtungi mkuukuu. Nikashindwa kumjibu kwenye simu.

Nilirudi Andechs mwishoni mwa Septemba, wanapoadhimisha sikukuu ya Hostia Tatu. Safari hii nilitembelea na kiwanda. Hakiko juu na watawa, kiko chini ya kilima, kilijengwa miaka ya 1970, ni matangi ya chuma yanayong'aa, na kwa mwaka kinatoa zaidi ya lita milioni 10. Nilitegemea nitahisi niko mbali na bibi, kumbe sivyo. Kimea cha shayiri kinasagwa, kinachanganywa na maji ya moto kuwa uji, sehemu ya uji ule inatolewa, inachemshwa peke yake, inarudishwa kuupasha joto ule uliobaki. Bibi naye alichota ukopo, akauchemsha, akaurudisha mtungini, na hakuwa na kipimajoto. Tofauti kubwa ni hopsi, yale maua machungu ya kijani yanayotiwa wakati wa kuchemsha, yanayoipa bia uchungu na kuizuia isiharibike haraka. Komoni haina hopsi, ndiyo maana ya Jumamosi hainyweki Jumatatu. Bia nyeusi inapata rangi kutokana na kimea kilichokaushwa kwa moto mkali zaidi. Niliomba punje chache, nikazitafuna. Karai la bibi, kabisa.

Kisha nikapanda kanisani. Nilikuwa nimenunua mshumaa, si mkubwa, wa urefu wa mkono mmoja tu. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimekata karatasi nikaandika kwa kalamu ya wino, nikaizungushia mshumaa na kuifunga kwa uzi. Juu niliandika jina la bibi, lile la ubatizo na lile la kwao. Chini yake nikaandika Songea, na mwaka aliofariki. Nilipofika mbele ya Maria wa ghorofa ya chini nikaona bado kuna nafasi, nikatoa kalamu, nikaongeza mstari mmoja: mpika pombe.

Mama mwenye nyumba akaniuliza nimeandika nini. Nikamtafsiria. Akauchukua mshumaa mkononi mwangu, akausogeza mbele, akauwasha.